Nilimwandikia Kipa Joto la Uongo, Akafa Mpishi

Msimamizi wa ukurasa, jina langu libaki kwako. Wasomaji, shikamoo zenu nimezipokea. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, mgane, mstaafu wa idara ya afya, naishi huku Mbinga. Ini langu limekwisha. Daktari aliyenisomea majibu nilimfundisha mimi chuoni, na hakuzunguka: "Mwalimu, hesabu wiki, usihesabu miezi." Naandika kidogo kidogo, nikichoka nalala. Majina nimeyabadilisha.

Msimu ule wa korona nilikuwa daktari wa timu moja ya ligi huku kwetu. Ligi ilisimama, wachezaji wakarudi makwao, kisha likaja tangazo kwamba mechi zinaendelea. Uongozi ukaona mjini kuna watu wengi, ukatupeleka kambi kando ya ziwa, upande wa Lundo, kwenye bweni lililokuwa tupu. Sheria ilikuwa moja: ukishaingia hutoki, na wa nje haingii. Mimi nilipewa kipimajoto na fomu. Kila asubuhi naandika joto la kila mtu, mwenye homa anatengwa na hachezi.

Kipa wetu, kijana wa miaka ishirini na moja, alichelewa siku mbili kurudi kutoka kwao. Asubuhi yake ya kwanza alinifuata kabla sijamwita. "Shikamoo daktari. Mimi sipo sawa. Mwili unachemka, na chai ya tangawizi naisikia kama maji." Nikampima: thelathini na nane na nusu. Kocha alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mzee," akasema taratibu, "Jumamosi tunacheza. Kipa wa pili goti limevimba. Tukishuka daraja, hawa wote wanarudi kulima mahindi." Kijana akasema, "Lakini kocha, naumwa." Akajibiwa, "Umechoka na safari." Wote wawili wakaniangalia mimi. Nikaandika thelathini na sita na nusu.

Dhamiri ikanisumbua, nikataka nionekane nimefanya kitu. Nikaagiza kambi nzima ijifukize. Mnakumbuka siku zile, kila nyumba ilikuwa inachemsha majani. Wenzetu walijifunika kila mtu na blanketi lake. Sisi mablanketi hayakutosha, nikatoa turubai la kuanikia kahawa tulilokuja nalo kutoka Mbinga, nikawaingiza wote humo na masufuria ya mkaratusi na mchaichai. Mpishi wetu, mzee wa hapohapo Lundo, nimwite Baba Esta, aliingia nao ili ayakoroge. Beki mmoja akapaza sauti, "Baba Esta, leo mboga ni sisi?" Akajibu, "Tulia wewe, umekomaa kama beberu, utaiva kesho!" Wakacheka, wakakohoa, wakacheka tena. Kipa alikuwa ameinama bega kwa bega na yule mzee. Mimi nilikuwa nje, nimekanyaga pindo la turubai ili mvuke usitoke. Mimi, niliyefundisha magonjwa ya kuambukiza miaka yote ile.

Jumamosi tulitoka sare, na kipa akaokoa penalti. Wiki iliyofuata wanne wakaanza kukohoa. Walikuwa vijana, wakapona. Baba Esta hakupona. Alikufa amekaa kitandani, mikono magotini, anatafuta hewa. Wakati ule tulisema "changamoto ya kupumua". Mazishini walikuja wachache, nao walisimama mbali na jeneza.

Uongozi ulipotaka maelezo, niliandika kwamba mpishi alikuwa akitoroka kambini kwenda kununua samaki kwa wavuvi wa ng'ambo ya ziwa. Maelezo yale yalisomwa mbele ya kijiji. Tangu siku ile nyumba yake ikaitwa nyumba iliyoleta korona. Kanisani watu walihama benchi mjane wake akikaa. Posa ya binti yake Esta ikavunjwa. Habari hizi zote zilinifikia, nikanyamaza.

Sasa Esta ni muuguzi huku Mbinga, na ndiye anayekuja kunichoma sindano ya maumivu. Wiki iliyopita, akiwa anatafuta mshipa, akasema, "Babu, wewe ulikuwepo kambini. Baba hakuwahi kutoka. Samaki nilikuwa nampelekea mimi, ananipokelea getini."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kama hakutoka, basi ni mimi niliyempelekea ugonjwa. Siku moja nilimpa samaki, wale mbasa, nikiwa na mafua, Babu. Mama hajui mpaka leo. Nikaona bora waseme alitoroka."

Nikafumba macho, nikajifanya dawa imenilaza. Nilimsikia akikusanya vitu vyake polepole, asiniamshe.

Juzi nikampigia yule kipa. Ana mke na watoto wawili, anafundisha mpira hukohuko ziwani. Nikamwambia nataka kusema ukweli. "Mzee," akasema, "mimi nilikwambia naumwa. Ukisema leo, wewe utakuwa kaburini, mimi nitabaki nao. Hawatauliza nani aliandika. Watauliza nani aliumwa. Wanangu wanasoma na watoto wao."

Hajasema uongo. Nikimwambia Esta kwamba si yeye, atataka kujua ni nani, na kule kila mtu anakumbuka nani alikaa golini Jumamosi ile. Nikinyamaza, binti atazeeka akiamini alimuua baba yake kwa samaki, na marehemu atabaki mtoro.

Msinipe pole, sistahili. Jana ulimi ulianza kuwa mzito, maneno mengine hayatoki. Esta anakuja kesho saa nne asubuhi. Nimwambie nini, ndugu zangu? Nishaurini angali akinielewa ninachosema.