Simu Zote Peleka Stoo

Nilikuwa opereta wa simu kwenye shamba la ngano la serikali, Hanang. Meneja akitaka kusinzia baada ya chakula, aliniagiza, "Simu zangu zote peleka stoo." Asinzie yeye, nitukanwe mimi.

Stoo alikaa mtunza stoo, mzee mmoja wa kijiji cha Getanuwas, mfugaji, ambaye hakuzungumza kazi kabla salamu hazijaisha: watoto, mvua, ng'ombe.

Siku moja mkurugenzi wetu alipiga kutoka Dar es Salaam, amekasirika. Nikampeleka stoo. Nilimsikia akifoka, kisha akitoa shikamoo, kisha akisikiliza habari za ndama anayeharisha.

Wiki iliyofuata alipiga tena. Nikamwambia leo meneja yupo, tena yuko macho.

"Huyo mwache," akasema. "Nipe mzee, nijue ndama anaendeleaje."