Punda Atangulie

Likizoni karibu na Mutomo, nilipenda kutembea ndani ya mto mkavu, maana vichakani ni miiba mitupu. Asubuhi moja niliandamana na shangazi kuchota maji kwenye shimo alilochimba mchangani. Tulipofika ukingoni, punda wetu aligoma kushuka. Jua lilikuwa kali, wingu hakuna. Nilikasirika, nikashuka mimi na kumvuta kwa kamba.

Shangazi aliona masikio ya punda yameelekea mto unakotoka. "Wewe, toka huko! Kumenyesha milimani!"

Nilikuwa bado nabishana niliposikia mngurumo kama wa lori. Nilipanda ukingo kwa magoti. Maji mekundu yakapita yamebeba miti mizima.

Maji yalipokauka, tulirudi. Jua lilikuwa lilelile. Nilimwacha punda atangulie.