Jeanine na Mdundo wa Kupiga Maji

Kila asubuhi, kabla ya kununua samaki, Jeanine hugeuza beseni lake la bati na kuligonga kitakoni kwa kiganja: mara mbili kwa uzito, kisha mara tatu harakaharaka. Wageni hudhani anatafuta tundu.

Mdundo huo aliupata akiwa mdogo, ndani ya mtumbwi wa baba yake, karibu na kisiwa cha Chisenga. Baba alitega wavu, kisha akapiga maji kwa rungu ili samaki waliojificha watoke na kukimbilia wavuni. Jumapili kulikuwa na kwaya. Jioni redio ilileta rumba kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, alikozaliwa mama yake. Vyote vimo katika nyimbo anazotunga, lakini kinachoinua miguu ya watu ni yale maji ya baba.

Ajabu ni kwamba wimbo wake unaopendwa zaidi mwaka huu wa 1998 unakataza kupiga maji. Samaki wanafukuzwa kwenye mazalio yao, unasema, na watoto wetu watakula nini, mawe? Akina mama wauza samaki wanauimba toka Nchelenge hadi Chienge. Wavuvi wameuchukia. Ackson, tajiri wa mitumbwi pale Kabuta, aliapa kwamba hatamuuzia samaki tena mpaka auache. Na Jeanine hana kazi nyingine ila kuuza samaki.

Asubuhi moja nilifuatana naye Kabuta.

"Awe, mayo, hapana mama," Ackson alisema hata kabla ya salamu. "Samaki iko. Yako ndiyo hakuna. Enda ukule wimbo."

"Nitaikula na bukari," Jeanine akajibu, kana kwamba wimbo ni kitoweo cha ugali. Akageuza beseni, akagonga, akaanza kuimba.

Wapiga kasia wa Ackson walijikaza kutosikia, wakiendelea kukunjua nyavu. Miguu yao ilikuwa imeshaanza kucheza. Mmoja akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, palepale panapotakiwa, maana mikono yake inaujua mdundo ule kuliko sala. Wote wakacheka isipokuwa tajiri wao. Akina mama wenye mabeseni wakasogea kuitikia.

Ackson akainama karibu na Jeanine. "Jina yangu iko mu ile wimbo?"

"Bado, papa."

"Bado namna gani?"

"Nafasi iko. Kisha ya ile neno mawe."

Ackson akawatazama wale akina mama, wote wateja wake, wote wenye sauti kubwa.

"Mupimie samaki," akamwambia mpiga kasia. "Mupimie mbio, aende!"

Tulirudi Nchelenge tukisukuma baiskeli iliyolemewa na samaki. Njiani nilimuuliza swali langu moja: kwa nini wimbo wa kukataza kupiga maji aliuwekea mdundo wa kupiga maji?

"Ili wakipiga maji tena," alisema, "wanisikie."