Mtaro Uliokata Barabara na Ng'ombe wa Watu

Mimi si mtu wa kuogopa. Nimezaa tisa, nimekuza saba, na fisi nimemfukuza zizini kwa kijinga cha moto. Lakini mwaka ule tuliohamishiwa kijijini, karibu na Mkiwa, niliogopa mtaro masika nzima.

Kijiji kilikuwa upande huu wa barabara kuu, maji upande wa pili. Bomba lilitakiwa lipite chini ya barabara, na kazi akapewa mdogo wangu wa kiume, fundi. Bwana wa barabara, kijana aliyetoka mjini, akasema barabara ni ya serikali, haikatwi hivi hivi. Anayeikata awe na mdhamini, na airudishe kama ilivyokuwa, nayo ikae masika moja bila kudidimia. Ikididimia na fundi hayupo, serikali itaitengeneza na mdhamini atalipa kwa mali yake. Kwa hiyo mdhamini awe na mali inayoonekana kwa macho.

Mdogo wangu alikuwa na koleo na maneno matamu, basi. Akamleta yule bwana mpaka kwangu. Mume wangu alikuwa Tanga, anakata mkonge. Wakasimama zizini, wakahesabu ng'ombe kumi na wawili.

"Hawa wote ni wako, mama?"

Huku kwetu ng'ombe hawi wako kwa sababu analala kwako. Mtu anakuwekea wake, unawachunga, unakunywa maziwa, samadi unapeleka shambani, lakini mwenyewe yupo na siku yoyote anakuja kuwachukua. Kumi walikuwa wa kuwekwa, mali ya baba mkubwa wa mume wangu, kule Ilongero. Wetu walikuwa wawili. Kila mtu kijijini alijua hilo, isipokuwa yule kijana, na alivyokuwa akilitazama lile zizi kwa heshima, kichwa changu kikavimba.

"Wangu," nikasema. Dole gumba likaingia kwenye wino, kisha kwenye karatasi ya dhamana.

Mdogo wangu akachimba, akalaza bomba, akarudisha udongo wote kwa mara moja, mkavu, akaukanyaga kama anacheza ngoma. Nikamwambia hata uwanja wa kupuria uwele hautengenezwi hivyo.

"Dada, wewe kasonge ugali," akasema. "Barabara niachie mimi."

Baada ya wiki mbili akaenda kutafuta kazi nyingine, Tabora au wapi sijui.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Ilipokatika nikaenda kutazama. Mtaro ulikuwa umezama kina cha kiganja. Lori likapita, likaruka, utingo akanitukana kana kwamba nimechimba mimi. Nikaanza kuyaona yatakayonipata. Niliwaona ng'ombe wa baba mkubwa wakiswagwa kwenda mnadani. Nilimwona mume wangu akishuka kwenye basi, anaambiwa mkewe ameweka dhamana ng'ombe wa ukoo. Wanawake wamerudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo.

Sikumwambia mtu. Nilibeba udongo wa kichuguu kwa karai, nikaunyunyizia maji, nikaumwaga kidogo kidogo, kila tabaka nikalishindilia kwa mchi, kama tunavyotengeneza uwanja wa kupuria. Kila mvua iliponyesha, alfajiri yake nilikuwa barabarani, mgongo umeinama, sikio linasikiliza magari. Majirani wakasema nimerukwa na akili, natwanga barabara.

Baba mkubwa akaja kuwatazama ng'ombe wake. Nikamwamkia shikamoo, nikampa maziwa, yakamwagikia kanzu yake. Akauliza kama naumwa. Nikasema homa.

Masika ilipoisha yule kijana akarudi na nondo. Akaichoma katikati ya mtaro. Ikagoma. Akachoma pembeni, ikagoma. Nilikuwa nimebana pumzi. Akauliza fundi yuko wapi, nikasema amesafiri.

"Ameshindilia vizuri sana," akasema.

Hilo liliniuma.

"Basi, mama. Dhamana yako imekwisha."

Nikamwomba ile karatasi, nikaichome. Akasema hairudi, inakaa kwenye faili.

Baba mkubwa amekufa, mume wangu amekufa, na hawakujua. Mimi ni bibi wa wajukuu wengi sasa. Lakini gari la serikali likipunguza mwendo karibu na nyumba yangu, naacha ninachofanya mpaka lipite. Karatasi iko mahali fulani, ina dole langu, na inasema ng'ombe wale wote ni wangu.