Kipepeo wa Kwenye Kunde

Ipo asubuhi moja huwa naikumbuka kila ninapokwama, mdogo wangu, na wewe unayemaliza chuo mwaka huu nakupa uibebe.

Nilikuwa kwa shangazi, nje kidogo ya Muheza, nimehitimu masomo ya wadudu na kazi sina. Shangazi alikuta viwavi ndani ya maganda ya kunde zake, na juu ya maua vipepeo wadogo wa buluu. Akaazima bomba la dawa. Kabla ya kulijaza, akaniita.

"Msomi, hawa ndio wenye viwavi?"

Nikamkamata mmoja. Chini ya mabawa alikuwa na mistari ya kahawia na nyeupe, na madoa mawili meusi pembeni. Lakini kimkia chembamba walicho nacho vipepeo wa kunde hakikuwepo. Huenda kilikatika. Huenda alikuwa wa aina nyingine, wale wa kwenye nyasi fupi wasiogusa kunde. Nikasema nitamuuliza mwalimu wangu. Nikasema inategemea.

"Inategemea nini? Mama Saumu anakuja jioni kuchuma mboga."

Unajua kwetu, majani ya kunde jirani huchuma bila hata kubisha hodi. Dawa ikipulizwa asubuhi, jioni imo kwenye sufuria ya watu.

"Naogopa kukosea, shangazi."

"Na mimi naogopa, mwanangu, ndiyo maana nimekuita. Ningetaka kiumbe asiyejibu ningeita mbuzi. Sijakuuliza ukoo wake. Nimekuuliza anafanya nini shambani kwangu."

Nikamwachia kipepeo, nikachuchumaa kumtazama. Nyasi za kando alizipita. Akatua kwenye ua la kunde lisilofunguka bado, akapinda tumbo, akaacha yai jeupe, dogo kama punje ya chumvi.

"Ndiye," nikasema. "Na kiwavi akishaingia ndani ya ganda, dawa haimpati vizuri. Tuchume maganda yenye matundu, tuyachome. Sina hakika kama watakwisha wote."

"Sasa umesema." Akarudisha bomba la watu.

Kunde nyingine ziliharibika, sikufichi. Lakini jioni Mama Saumu aliondoka na mboga yake, akilalamika kwamba majani yamekomaa.

Basi, mdogo wangu, anayekuuliza mara nyingi ana jambo la kuamua leo. Mwambie ulichokiona, mwambie na pale usipokuwa na hakika, kisha baki naye mfanye kazi. Ukinyamaza mpaka ujue yote, unamwachia mzigo peke yake. Mungu akupe utulivu wa kutazama na moyo wa kusema, na asikukoseshe watu wa kukuita msomi huku wakikucheka.