Udongo Uliokimbiwa na Nyungunyungu

Nimemwaga mpunga mara tatu kwenye kitalu kimoja kwetu Idete. Mara tatu, halikutoka hata jani.

Mara ya kwanza nililaumu mbegu. Ya pili, wachawi. Ya tatu nikamfuata Kija, jirani yangu mfugaji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ng'ombe wako wamenimalizia kitalu."

Akacheka. "Ng'ombe gani anafukua mbegu, bibi? Halafu pale kwako hawakanyagi. Wananusa, wanageuka."

Nikaukumbuka udongo wenyewe.

Udongo wa kitalu kile aliniletea Gasper, mume wa mjukuu wangu Noela. Anaosha dhahabu huko milimani, Noela naishi naye mimi. Magunia sita ya marudio, yale matope yanayobaki dhahabu ikishatoka. Ya kijivu, laini kama unga wa sembe. Nilimshukuru sana.

Nikachukua jembe, nikafukua kitalu chote. Nyungunyungu hata wa dawa hakuna. Nje ya tuta, hatua mbili tu, wamejaa tele.

Nikamchukua mmoja mnene, nikamweka juu ya matope yale. Akajikunja, akajinyonganyonga, akaanza kutambaa kurudi alikotoka.

Hakufika.

Nikampigia Gasper. "Mnaweka nini kwenye yale matope?"

"Zebaki kidogo, bibi, ya kukamatia dhahabu. Usiogope, si umemwaga shambani tu?"

Shambani tu!

Gunia la sita sikulimwaga shambani. Nilisiribia ukuta wa jikoni.

Nikakimbia jikoni na magoti yangu haya mabovu. Nikamkuta Noela, mimba ya miezi saba, kakaa kwenye kigoda, anatafuna.

"Unakula nini wewe?"

"Udongo, bibi. Si hamu tu ya mimba? Huu wako mtamu, ule wa dukani una mchanga."

Nyuma yake ukuta ulikuwa na shimo, upana wa sahani.

Naandika haya nikiwa hospitalini Ifakara. Wamemtoa damu, majibu bado. Mtoto anacheza tumboni. Akitulia kidogo tu, na mimi pumzi inakata.

Ukipewa udongo wa bure, mwanangu, fukua kwanza uone kama kuna anayeishi humo. Ukikosa hata nyungunyungu, usiuingize nyumbani kwako.

Mimi msimu mzima nililia na mpunga usioota, wakati kila siku nilikuwa nafagia vumbi la ule ukuta miguuni kwa Noela, namwambia panya wamezidi.