Nilivyokunywa chai mpaka injini ikapoa

Leo nimekunywa chai mpaka tumbo likauma, wala sikuwa na njaa.

Baba aliuza ng'ombe wetu wa mwisho anunue pikipiki kuukuu, afanye kazi ya boda. Tukaenda Ukunda, nyumbani kwa mwuzaji.

Akaiwasha mara moja tu, ikanguruma. Baba akatabasamu.

Lakini mimi nilikuwa nimeigusa injini kabla. Ilikuwa ya moto! Kumbe alishaipasha moto tusijue kwamba ikiwa baridi haiwaki.

Sasa mtu mzima nimemwamkia shikamoo, nitamwambiaje anatudanganya? Mnanijua, hata darasani sinyooshi mkono.

Mkewe akasema, "Karibuni chai kwanza."

Nikanywa polepole. Nikaongezwa. Nikaomba tena. (Aibu, jamani!)

"Mwanao huyu hashibi?" mwuzaji akamtania baba. Baba akainama.

Injini ilipopoa nikamnong'oneza, "Baba, ijaribu sasa."

Akapiga kiki mpaka shati likalowa. Wapi!

Tumerudi tumechoka, hatuna ng'ombe wala pikipiki, ila pesa zingali mfukoni. Tulipofika baba akamwambia mama, "Huyu usimpe chai leo. Ameniokolea ng'ombe wangu."

Mnamjua anayeuza pikipiki nzima? Mwambieni asiiwashe mpaka tufike.